Sababu ya E2

Mimi nikikasirika huwa nashika bisibisi na kuizungusha kwenye vidole. Sheryl anasema hasira yangu haimtishi kwa sababu anaiona ikianza. Mwezi wa pili mwaka huu bisibisi yangu ilizunguka mpaka rangi ya mpini ikabanduka, na chanzo chake kilikuwa herufi moja na tarakimu moja zilizomulika kwenye ukuta wa baba yake: E2.

Naitwa Mulei. Ni fundi wa friji na AC hapa Kitengela. Kazi nilijifunzia Isinya, kwenye vyumba baridi vya shamba la maua, ambako ukikosea digrii mbili waridi zinachanua kabla hazijafika uwanja wa ndege. Miaka saba nilikaa pale na hazikuchanua hata siku moja. Kwa hivyo mtu akiniambia sijui kazi, naumia. Na mtu huyo akiwa baba wa msichana ninayetaka kumuoa, naumia mara mbili.

Sheryl nilimpata Loitokitok. Yeye ni afisa wa kilimo huko, na mimi nilikuwa nimeitwa kutengeneza ghala baridi la nyanya. Nyanya zilipona, na mimi nikaanza kutafuta sababu za kurudi Loitokitok hata kama hakuna kilichoharibika. Mwaka ulipoisha tukakubaliana nijulikane kwao. Mpango ulikuwa wake. Kaka yake anayefanya kazi Doha alikuwa amewanunulia wazazi AC, na ilikuwa imekaa kwenye boksi ikisubiri fundi.

"Wewe ndiye utaiweka," Sheryl aliniambia. "Waanze kuzoea mikono yako. Sura watazoea baadaye."

Baba yake ni Mwalimu Lazarus Wanyonyi, mtu wa Bungoma, aliyefundisha fizikia miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu na kujenga Kitengela. Mvua ya kwao aliiacha kwao. Huku alipata jua na vumbi jeupe, na vyote viwili alivichukia. Niliiweka AC ile sebuleni, nikaipima kwa pima-maji mbele yake, na ilipoanza kupuliza Mwalimu alifunga macho kama mtu anayeombewa. Nikajua nimefika.

Wiki moja baadaye akanipigia simu.

"Kijana, mashine yako imezima. Imeandika E2."

Hizi mashine zikizidiwa huzima zenyewe na kuonyesha namba ya ugonjwa wao, na kila kampuni ina kitabu chake cha namba. Kwa AC ile, E2 maana yake koili ya ndani, ile mirija inayopoza hewa, imeganda barafu. Koili huganda kama hewa haipiti vizuri, au kama gesi imepungua. Basi unaangalia mambo manne: filta chafu, feni mvivu, gesi kidogo, au sensa ya kupima joto inayodanganya. Niliyaangalia yote manne, kwa safari tatu. Safari ya kwanza nilisafisha filta. Ya pili nikapima gesi na feni. Ya tatu nikabadilisha sensa, ingawa moyoni nilijua ile ya zamani haikuwa na makosa.

Na kila nikifika, AC inafanya kazi! Nilikuwa nakaa pale saa mbili nzima nikiitazama, na mbele yangu ilitulia kama mtoto wa mchungaji. Nikiondoka, siku mbili tatu, simu inalia. E2.

Mwalimu alikuwa na kitabu cha mazoezi, kile cha kurasa mia moja chenye jedwali la kuzidisha nyuma. Alikuwa amekichorea mistari kwa rula: tarehe, saa, namba, maelezo ya fundi, alama. Ndiyo, alikuwa ananisahihisha. Filta chafu: tatu kwa kumi. Gesi na feni: mbili kwa kumi, "hakuna ushahidi". Sensa: moja kwa kumi, na kando yake kwa kalamu nyekundu ameandika "anabahatisha". Kalamu nyekundu, mtu amestaafu! Nilipoona hilo neno bisibisi ilizunguka yenyewe.

Mama Sheryl sikuwa nimemwona vizuri hata mara moja. Kwetu Ukambani kuna nthoni, ile heshima ya mkwe: huingii aliko mama wa msichana, humtazami usoni, na kama kuna neno unalipitisha kwa mtu mwingine. Kwao Bungoma nako ni hivyo hivyo. Kwa hivyo nikikaribia geti, Mama, ambaye nadhani alishahisi huyu fundi ni nani, anaingia jikoni. Nilimjua kwa sauti ya sufuria na kwa chai yake, ambayo ililetwa na Mwalimu mwenyewe, akimwaga nusu kwenye sahani. Ila nilijua ni mama mwenye utaratibu. Kila nilipokuja kama fundi nilikuta sebule imetayarishwa: makochi matupu, meza tupu, hakuna kitu ambacho mtu mwenye vumbi mikononi anaweza kuchafua. Nilimshukuru kimoyomoyo. Nikafikiri hata, hawa ni watu wa kisasa, hawapendi mapambo.

Mwishoni mwa mwezi Sheryl akawaambia wazazi kwamba yule fundi si fundi tu. Mwalimu akaniita. Tulikaa chini ya AC, ambayo ilikuwa inapuliza bila wasiwasi wowote.

"Sheryl ameniambia," akasema. "Sina shida na Wakamba. Nimefundisha na Wakamba. Watu wako wakuje Jumamosi ya tarehe saba."

"Asante sana, Mwalimu."

"Ngoja. Sijamaliza. Nasikia nyinyi mnakujanga na mbuzi tatu."

"Ndiyo. Za ntheo. Zikishapokelewa, inajulikana huyo msichana ako na wenyewe."

"Sasa hizo mbuzi zitabaki kwa gari." Akagonga kitabu chake kwa kidole. "Zitabaki kwa gari mpaka nipewe sababu ya hii E2. Sikusema utengeneze. Kutengeneza ni mikono. Nataka sababu. Mtu mwenye atakaa na binti yangu miaka hamsini lazima ajue vitu zinaharibika kwa nini. Kama hana sababu, mbuzi zirudi vile zilikuja."

Nilidhani anatania. Nilimtazama nikaona hatanii. Niliporudi nyumbani nilimpigia Sheryl, naye akasema baba yake aliwahi kukataa kununua gari zuri kwa sababu mwenye gari hakuweza kumweleza kwa nini linapiga honi likikata kona kushoto. Hapo ndipo niliogopa.

Niliomba kitabu chake nikakisoma kama mtu anayesomea mtihani wa mwisho. Na niliona kitu. Tarehe za E2 hazikuja ovyo. Moja ilikuwa siku ya maombi ya jumuiya. Nyingine, chama cha kina mama. Nyingine, mchungaji alipokuja kula kuku. Kila mara kulikuwa na wageni! Siku ambazo wazee walikuwa peke yao, AC ilipuliza kutwa bila neno.

Nikafurahi nikakimbia kwa Mwalimu. "Ni watu!" nikamwambia. "Watu wakiwa wengi, joto inazidi, mashine inazidiwa."

Alifikiri. Akaandika. Tano kwa kumi. "Joto ikizidi," akasema polepole, kama ananirudisha darasani, "koili inapata moto ama inapata barafu?"

Joto likizidi barafu inayeyuka, hata mtoto anajua. Lakini nilikuwa na tano, na sikuwa na kingine. Kwa hivyo nilifanya jambo la kijinga: nilimpigia mjomba Munguti, ambaye ndiye angekuwa msemaji wetu, nikamwomba aje na watu wachache, wanne hivi, wasipumue sana.

"Tunaenda kuomba msichana ama tunaenda kuiba?" mjomba akauliza, na siku yenyewe akaja na kumi na wanne.

Jumamosi ile jua lilikuwa linachoma mabati. Pikapu yenye mbuzi watatu ikaegeshwa kando ya ukuta penye kivuli, wakapewa majani, na sisi tukaingia ndani. Mimi nilikuwa katikati ya msafara, nimevaa suti, bila bisibisi. Nilivuka mlango nikasimama ghafla mpaka mama yangu akanigonga mgongoni.

Sebule ilikuwa imevaa. Kila kochi lilikuwa na kitambaa kilichofumwa kwa mkono, mgongoni na kwenye mikono. Meza ilikuwa nacho. Televisheni ilikuwa nacho, redio nacho, viti vya plastiki vya kukodi navyo vimewekewa kimoja kimoja. Na juu ukutani, AC yangu ilikuwa imefunikwa kitambaa kikubwa kuliko vyote, cheupe chenye maua ya bluu na vishada pembeni, kimelala juu ya mgongo wake mpaka nusu ya uso. Na kwa sababu Mama Sheryl ni mama mwenye utaratibu, na kwa sababu vumbi la Kitengela halina adabu, alikuwa amekishonea bitana ya satini kwa ndani. Satini nzito, isiyopitisha hata unyuzi wa hewa.

AC huvuta hewa kwa juu. Hapo ndipo pua yake ilipo.

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nilitaka kumkumbatia Mwalimu. Mama alikuwa anapamba nyumba kwa wageni. Fundi si mgeni. Fundi akija, vitambaa vinatolewa visichafuliwe, na AC inapumua. Wageni wakija, vitambaa vinarudi, na AC inazibwa pua mpaka inaganda. Mwalimu aliishi na vitambaa vile miaka arobaini, na Sheryl alizaliwa juu yake, hivyo hawakuviona tena kama vile mtu haoni rangi ya mlango wake. Na mimi, kwa sababu ya nthoni, sikuwahi kuwa chumba kimoja na mtu pekee aliyejua.

Nilikuwa na sababu. Kumi kwa kumi! Nikakaa nikitabasamu peke yangu, mpaka nilipogundua siwezi kuisema.

Ningesema nini? Kwamba Mama, ambaye hata jina lake silitamki, ambaye sijawahi kumtazama usoni, ndiye anayeua mashine ya mtoto wake wa Doha? Niseme hivyo mbele ya wazee wa kwao na wa kwetu, siku aliyotoa vitambaa vyake vizuri kwa ajili yetu? Kwa kufuma kile kikubwa peke yake lazima alikaa miezi. Na kuinuka nikakitoe mwenyewe nisingeweza pia. Siku ile sikuwa fundi. Siku ile nilikuwa kijana anayeombewa mke, na kijana anayeombewa mke hukaa kimya, mikono magotini, akitazama viatu.

Basi nikatazama saa. Nilipiga hesabu: kwa bitana ile, barafu ingefunga koili kwa saa moja na nusu hivi. Wakizungumza haraka, tungeweza kumaliza kabla.

Nilikuwa nimemsahau mjomba Munguti. Maombi yalichukua dakika ishirini, lakini hayo niliyatarajia. Mjomba aliposimama alianza na babu yake, jinsi alivyotoka Kibwezi kwa miguu. Nikamvuta koti. Akaniondoa mkono, akamwingiza simba kwenye hadithi. Wazee wa Bungoma wakapiga makofi, na mjomba akipigiwa makofi huongeza simba wa pili. Nilikuwa natoka jasho chini ya AC inayopuliza. Nikainua macho nikakutana na ya Sheryl upande wa wanawake. Nikatazama kitambaa, nikamtazama yeye. Akageuka kukiona, na nikaona uso wake ukibadilika, kisha akafunika mdomo kwa leso, akainuka akaingia jikoni.

Baada ya saa moja na dakika ishirini, upepo ukakata. Tone la maji likamwangukia mjomba kwenye kofia, akamnyamazisha simba. Ukutani, chini ya vishada vya bluu, ikamulika: E2. E2. E2.

Mwalimu Wanyonyi hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha. Alichukua kitabu chake kutoka chini ya kochi, akaandika tarehe, akaandika saa, akavua miwani.

"Tumefika kwa ile maneno yetu," akasema. "Kijana. Sababu."

Sebule nzima ikanigeukia. Jikoni, sufuria zilinyamaza. Nilijua Mama yuko nyuma ya ule mlango, anasikiliza.

"Mwalimu," nikasema, "makosa ni yangu. Niliiweka vibaya. Niliiweka karibu sana na dari. Haipati hewa ya kuvuta kwa juu, na hewa ikikosekana koili inashika barafu. Ni mimi. Nitakuja niishushe."

Mjomba alinitazama kana kwamba nimemwibia ng'ombe. Mwalimu aliinuka, akaenda kwenye kabati, akarudi na rula ya futi moja na kile kijitabu cha AC. Akavuta kiti, akapanda, akapima kutoka juu ya AC mpaka kwenye dari, kitambaa kikiwa pale pale chini ya pua yake mwenyewe.

"Kitabu kinataka sentimita kumi na tano," akatangaza kutoka juu. "Hapa ni ishirini na mbili." Akashuka. "Uliipima mbele yangu, mimi mwenyewe nikihesabu. Hujaiweka vibaya. Sasa kwa nini unanidanganya kwa nyumba yangu?"

Nilijua nikifungua mdomo ukweli utatoka. Nilitazama viatu. Niliona aibu, na niliona hasira, na zaidi ya yote niliona pikapu ikirudi Ukambani na mbuzi wote watatu. Nikasikia Mwalimu akifunga kitabu.

"Basi," akasema. "Mzee Munguti, mimi sina ubaya na nyinyi. Lakini tulisema sababu."

Mlango wa jikoni ukafunguka. Sikuinua macho. Niliona viatu vya wazi vya bluu vikikatiza katikati ya wanaume, vikisimama kwenye kile kiti, visigino vikiinuka. Kisha nikasikia sauti ndogo ya vishada vikiburutwa kwenye plastiki, na maji yakimwagika sakafuni.

"Mwalimu, weka hiyo rula chini," Mama Sheryl akasema. "Hewa inavutwa kwa juu, ndio amesema. Na juu niliweka nini? Ni mimi nimekuwa nikiifunga pua."

Mwalimu alitazama kitambaa mkononi mwa mkewe, akageuza akaona satini, akaipuliza kwa mdomo. Pumzi haikupita. Alikaa taratibu, mwalimu wa fizikia wa miaka thelathini na minne, akashika kichwa.

"Na huyu mtoto aliona," Mama akaendelea. "Sheryl ameniambia huko jikoni. Aliona tu vile aliingia. Akachagua kuonekana mbaya kwa watu wote hapa, ndio mimi nisiaibike." Akageuka upande wa wanawake, akakikunja kitambaa mara nne na kukiweka kwenye mapaja ya mama yangu. "Mama Mulei, kwenu muko na AC?"

"Hatuna," mama yangu akasema.

"Basi huko kitakuwa salama."

Mama yangu ndiye aliyeanza kucheka, kisha Sheryl mlangoni pa jikoni, kisha sebule yote. Mtu akafungua madirisha. Vumbi likaingia likatua kwenye vitambaa vyote vilivyobaki, na Mama Sheryl hakuinuka kulipangusa. Alikaa pale pale kando ya mama yangu, kwenye chumba kimoja na mimi.

Mwalimu peke yake hakucheka. Alikuwa anaandika. Aliandika kwa muda mrefu, kwa kalamu nyekundu, kisha akampa mjomba Munguti kitabu amsomee kila mtu. Mjomba akakiweka mbali na macho.

"E2," akasoma. "Sababu: kitambaa. Jibu la mtahiniwa: si kweli. Alama: sifuri kwa kumi." Akaishia hapo. "Sifuri, Mwalimu? Sasa hiyo ni kusema turudi na mbuzi zetu?"

"Kuna mstari mwingine chini," Mwalimu akasema. Alikuwa anafuta miwani, na aliifuta zaidi ya miwani inavyohitaji. "Soma mpaka mwisho."

Mjomba akasogeza kitabu dirishani.

"Amepita," akasoma. "Teremsheni mbuzi."